Namna ya Kuomba Uraia wa Marekani Huku I-751 Yako Bado Haijajibiwa

Jibu fupi kwanza: ndiyo, inaruhusiwa. Kama ulipata grinkadi kwa njia ya ndoa, ukapewa kadi ya miaka miwili, ukapeleka fomu I-751 ya kuondoa masharti, na USCIS, yaani idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, imekaa kimya mpaka miaka mitatu imetimia, unaweza kuwasilisha fomu N-400 ya kuomba uraia bila kusubiri jibu la I-751. Kuomba hukuzuiwi. Kinachozuiwa ni ofisa kukupa uraia kabla I-751 haijaamuliwa.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wanaiona N-400 kama mchepuko wa kuikwepa I-751 iliyokwama. Sivyo. Majalada yako mawili yatawekwa juu ya meza moja, mara nyingi siku moja na mbele ya ofisa mmoja, na swali litakuwa lile lile la tangu siku ya kwanza: hii ndoa ni ya kweli? Anayekwenda kwenye usaili wa uraia akiwa amekariri majina ya marais tu, bila kujiandaa kuulizwa nani hulipa bili ya umeme nyumbani, amejiandaa nusu.

Mimi si wakili. Ninayoyaeleza hapa ni utaratibu wa kawaida. Mwenye kesi ya jinai, aliyewahi kupewa amri ya kuondoka nchini, au ambaye I-751 yake imekwisha kukataliwa, asiishie hapa. Amwone wakili wa uhamiaji mwenye leseni, na si “mjazaji fomu” wa mtaani.

Hatua ya 1: Hakikisha I-751 yenyewe iko salama

Tazama kadi yako sehemu ya aina ya ukaazi. Ukiona CR1 au CR6, wewe ni mkaazi wa kudumu mwenye masharti, kwa sababu siku unapata ukaazi ndoa yenu ilikuwa haijatimiza miaka miwili. Utaratibu huu uliletwa na sheria ya mwaka 1986 ya kupambana na ndoa za kughushi. Ukiona IR1 au IR6, huna masharti yoyote na mambo ya I-751 hayakuhusu.

I-751 ya pamoja, ile mnayotia saini wote wawili, hupelekwa ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha muda. Ukishaipeleka unapata barua ya risiti, I-797. Tangu Januari 2023 barua hiyo inairefusha kadi yako kwa miezi 48 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwamba inaisha. Muda huo peke yake unakueleza idara inategemea kuchelewa kiasi gani.

Barua hiyo itunze kama pasipoti. Ndiyo utakayomwonyesha mwajiri, ofisi ya leseni za udereva, na mfanyakazi wa shirika la ndege pale Nairobi au Dar es Salaam anayegeuzageuza kadi yako iliyokwisha muda na kutaka kukurudisha nyumbani. Safiri na barua halisi, si picha ya kwenye simu. Ikipotea, piga simu kituo cha huduma cha USCIS uombe miadi ya kugongewa muhuri wa I-551 kwenye pasipoti. Muhuri huo ni ushahidi halali wa ukaazi wako.

Ukihama nyumba, toa taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10, na hakikisha imebadilishwa kwenye kila jalada ulilonalo. Barua ya USCIS ikienda kwenye anwani ya zamani, usaili utapita bila wewe kujua.

Kama hukuwahi kupeleka I-751 kabisa, simama hapa. Ukaazi wako ulikwisha kisheria siku kadi ilipoisha, na N-400 haiwezi kukuokoa. I-751 iliyochelewa inaweza kupokelewa ukieleza sababu ya msingi kwa maandishi, lakini hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na ni kazi ya kufanya na wakili.

Hatua ya 2: Hesabu miaka mitatu, zote tatu

Hapa ndipo ada za watu zinapopotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Utaratibu wa kawaida wa uraia wa tajnisi unataka miaka mitano ya ukaazi wa kudumu. Aliyeoana na raia wa Marekani anaruhusiwa kuomba baada ya miaka mitatu. Miaka uliyokaa na masharti inahesabika yote, kwa hiyo usianze kuhesabu upya eti kwa sababu kadi ya miaka kumi haijafika. Lakini ile “mitatu” ni hesabu tatu tofauti, na kila moja lazima itimie.

Ya kwanza ni ukaazi: miaka mitatu tangu tarehe iliyoandikwa kwenye kadi kwamba wewe ni mkaazi tangu lini. Kwenye hesabu hii sheria inakuruhusu kuwasilisha N-400 siku 90 kabla haijatimia.

Ya pili ni kuishi pamoja katika ndoa na huyo mwenzi raia kwa miaka mitatu. Hesabu hii haina punguzo la siku 90. Siku unapowasilisha fomu, miaka mitatu ya kuishi nyumba moja iwe imekwisha timia.

Ya tatu ni uraia wa mwenzi wako. Awe amekuwa raia kwa miaka hiyo mitatu yote. Kama mumeo naye alikula kiapo mwaka jana tu, hesabu yako ya miaka mitatu inaanzia siku ya kiapo chake, hata kama mmeoana muda mrefu.

Chukua watu wawili wenye kadi zinazofanana kabisa: wakaazi tangu tarehe 10 Machi 2023, kadi zimeisha 10 Machi 2025, na dirisha lao la I-751 lilifunguka 10 Desemba 2024. Wa kwanza alikuwa Houston tayari, alifunga ndoa Juni 2022 akahamia kwa mumewe mwezi huo huo, kisha akabadilishiwa hadhi akiwa humo humo Marekani. Miaka yake mitatu ya kuishi pamoja ilitimia Juni 2025, ukaazi utatimia 10 Machi 2026, kwa hiyo aliweza kuwasilisha N-400 kuanzia 10 Desemba 2025.

Wa pili alifunga ndoa Tanga Agosti 2021. Mume akarudi Dallas kazini, yeye akabaki kwao akisubiri viza, na mume akawa anakuja likizo. Aliingia Marekani kwa viza tarehe 10 Machi 2023, na siku hiyo ndiyo walianza kuishi chini ya paa moja. Huyu akiwasilisha Desemba 2025 kwa kutegemea zile siku 90, atakuwa na miaka miwili na miezi tisa ya kuishi pamoja, na anaweza kukataliwa huku ada hairudi. Wa Tanga asubiri mpaka 10 Machi 2026, na akiongeza siku kadhaa juu yake atalala usingizi mzuri zaidi. Waliokuja kwa viza ya ndoa kutoka nyumbani wengi wako kwenye kundi lake, na wengi hushauriwa na rafiki wa kundi la kwanza.

Vipi kama mume ni dereva wa lori na hukaa barabarani wiki tatu kwa mwezi? Nyumba yake ni hiyo moja, nguo zake ziko hapo, barua zake zinafika hapo. Hiyo bado ni kuishi pamoja. Tofauti ni pale mmoja ana mkataba wake wa upangaji jimbo lingine na leseni ya udereva ya huko. Hapo mtaulizwa, na jibu la “ni kwa ajili ya kazi tu” litahitaji karatasi za kulisindikiza.

Hatua ya 3: Pitia safari zako, kodi zako na rekodi yako

Andika kila safari ya nje: tarehe ya kutoka na ya kurudi. Kwenye miaka hiyo mitatu uwe umekuwa ndani ya Marekani angalau miezi 18, yaani siku 548. Safari moja iliyozidi miezi sita huleta dhana kwamba umekatisha ukaazi wako. Uliyekwenda kumuuguza mzazi Pemba ukakaa miezi saba unaweza kujitetea, lakini njoo na ushahidi kwamba kazi, nyumba na familia yako vilibaki Marekani. Safari iliyofika mwaka mmoja hukatisha ukaazi kabisa, na hesabu inaanza upya. Pia uwe umeishi miezi mitatu kwenye jimbo au wilaya ya USCIS unakoombea.

Kodi: chukua kutoka IRS, yaani idara ya kodi ya Marekani, nakala rasmi za ritani (fomu za kodi za kila mwaka) za miaka mitatu. Kama mnadaiwa, ingieni mkataba wa kulipa kidogo kidogo na mbebe barua yake. Kama umeoa na ukawasilisha ritani kama mtu asiyeoa, mpe mhasibu airekebishe kabla hujagusa N-400, kwa sababu ritani hiyo inapingana na kila ulichosema kwenye I-751.

Wanaume waliokuwa Marekani kama wakaazi wakiwa na umri kati ya miaka 18 na 26 wanaulizwa kama walijiandikisha Selective Service, yaani daftari la serikali la wanaoweza kuitwa jeshini. Mzazi anayelipia mtoto matunzo kwa amri ya mahakama abebe risiti.

Jambo moja linalowaponza watu wasio na hatia: kujiandikisha kupiga kura. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, karani anakuuliza haraka haraka kama unataka kuandikishwa mpiga kura, na mtu ambaye Kiingereza chake bado kinachechemea anaitikia “yes”. Kwa USCIS hilo ni kujidai raia. Ukishuku lilikutokea, lichunguze kwa ofisi ya uchaguzi ya mahali pako na umweleze wakili kabla ya kuomba.

Na kuna ndoa ya mke wa pili. Fomu inauliza waziwazi kama umewahi kuwa na wake au waume zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Kwa sheria ya uraia ya Marekani, kuwa na mitala katika kipindi kinachoangaliwa kunakunyima sifa ya mwenendo mwema, hata kama kwenu ni halali na ilifungwa na shehe mbele ya watu. Kudanganya hapo ni kosa kubwa kuliko mitala yenyewe.

Hatua ya 4: Angalia kama maombi ya watu wa nchi yako yanasonga

Mwaka 2025 mambo yalibadilika. Tarehe 2 Desemba 2025 USCIS ilisimamisha uamuzi wa maombi ya watu wa nchi 19 zilizokuwa kwenye tangazo la rais la Juni mwaka huo, lile la kuzuia au kubana watu wa nchi fulani kuingia Marekani. Burundi na Somalia zimo. Tarehe 16 Desemba 2025 tangazo jipya likaongeza nchi nyingine, na safari hii Tanzania ikaingia. Kinachotazamwa si pasipoti peke yake, hata nchi uliyozaliwa inahesabika. Kwa hiyo aliyezaliwa Bujumbura akakulia Kigoma asijione yuko nje ya jambo hili.

Kusimamishwa si kukataliwa. Fomu inaweza kupokelewa, alama za vidole zikachukuliwa, kisha jalada likalala. Kabla ya kulipa, fungua tovuti ya USCIS usome tangazo la karibuni kabisa linalohusu nchi yako, kisha uamue kama unataka kuweka ada yako kwenye foleni sasa au baadaye. Mimi ningelipima kwa jambo moja: barua yako ya miezi 48 inaisha lini. Kama bado ina miaka miwili mbele, huna moto unaokuunguza.

Hatua ya 5: Jaza na uwasilishe N-400

Mtandaoni ni rahisi zaidi na nafuu: tangu Aprili 2024 ada ni dola 710 mtandaoni na dola 760 kwa karatasi. Kama kipato cha kaya yenu hakizidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, unaweza kuomba ada ya dola 380, ila kwa njia ya karatasi tu. Mwenye kipato cha chini zaidi anaweza kuomba kusamehewa kabisa kwa fomu I-912. Hundi za karatasi na moni oda zimeachwa kupokelewa tangu mwisho wa Oktoba 2025. Anayetuma kwa posta analipa kwa kadi au kwa kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, kwa fomu maalumu. Ada hubadilika, kwa hiyo thibitisha siku ile ile unayolipa.

Kwenye sababu ya kuomba, chagua ile ya mwenzi wa raia wa Marekani, si ya miaka mitano. Pakia nakala ya kadi pande zote mbili, barua ya risiti ya I-751, cheti cha ndoa, ushahidi wa uraia wa mwenzi, hukumu za talaka za ndoa zenu za zamani kama zipo, na nakala za IRS. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu kiambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko lililotiwa saini na mfasiri kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi.

Pale penye nafasi ya maelezo ya ziada andika sentensi mbili tu: kwamba I-751 yako iliwasilishwa tarehe fulani, namba ya risiti ni hii, na unaomba maombi yote mawili yaangaliwe pamoja. Haina nguvu ya kisheria. Inamsaidia karani kujua mapema kwamba kuna jalada lingine la kuagiza kutoka kituo kingine, na majalada kutofika kwa wakati ni sababu mojawapo ya usaili kuahirishwa.

Tarehe zote ziwiane na zile za I-751 na za maombi ya mwanzo kabisa ya viza: anwani, waajiri, watoto, ndoa za awali. Weka fomu zote tatu mezani, usome mstari kwa mstari. Ukikuta kosa la zamani, lisahihishe kwenye N-400 na ujiandae kulieleza. Usilirudie ili vifanane.

Hatua ya 6: Kusanya ushahidi wa ndoa upya

Ushahidi uliopeleka na I-751 umezeeka. Ofisa anataka kuona mlivyoishi tangu siku ile mpaka leo. Tengeneza faili lenye: mkataba wa upangaji au hati ya nyumba yenye majina yote mawili, taarifa za akaunti ya benki ya pamoja za kila baada ya miezi michache, bima ya gari na ya afya, bima ya maisha au mafao ya kazini yenye jina la mwenzi kama mrithi, ritani za pamoja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na bili za kawaida.

Akaunti ya pamoja yenye dola 40 ambayo haijaguswa tangu ifunguliwe haimshawishi mtu. Ile yenye mshahara unaoingia, kodi ya nyumba inayotoka, na manunuzi ya mchele na maziwa ya Jumamosi, hiyo inazungumza. Kama mna utaratibu wa kila mtu na akaunti yake, kama ndoa nyingi za kwetu zilivyo, onyesheni jinsi mnavyogawana: huyu analipa nyumba, yule analipa umeme na chakula, na pesa zinavyotumwa kutoka simu moja kwenda nyingine.

Picha ziwe chache na za nyakati tofauti. Najua harusi ilijaa ukumbi na bwana harusi alipendeza, lakini picha mia moja za usiku mmoja ni ushahidi wa usiku mmoja. Kumi za miaka mitatu, zenye tarehe na majina ya ndugu waliomo nyuma yake, zinatosha.

Hatua ya 7: Siku ya usaili

Barua ya wito inaweza kutaja N-400 peke yake. Nenda na mwenzi wako hata hivyo, na faili lote la I-751 mkononi. Kama ofisa ameamua kuyaamua yote mawili siku hiyo na aliyetia saini I-751 pamoja nawe hayupo, utarudishwa nyumbani usubiri tarehe nyingine.

Mtaapishwa. Kwa kawaida ofisa huanza na wewe peke yako. Waliowasilisha N-400 tarehe 20 Oktoba 2025 au baadaye wanafanya mtihani mpya wa uraia: maswali 128 ya kujisomea, unaulizwa mpaka 20, unatakiwa kupata 12. Waliowasilisha kabla ya hapo wako kwenye mtihani wa zamani wa maswali 100, wa kuulizwa 10 na kupata 6. Kisha unasoma sentensi moja ya Kiingereza na kuandika moja, na una nafasi tatu kwa kila upande. Halafu inapitiwa fomu yako swali kwa swali, na hapo ndipo Kiingereza chako cha kuzungumza kinapopimwa. Usiitikie swali usilolielewa. Sema hukuelewa, uombe arudie kwa maneno mengine, inaruhusiwa.

Kisha linakuja la ndoa. Mlikutana wapi, nani alihamia kwa nani, mwenzio anaanza kazi saa ngapi, mara ya mwisho mlikula nje lini na mlikula nini, wakwe wanaishi wapi. Mnaweza kuulizwa pamoja au mmoja mmoja. Msikariri. Watu wawili wanaotoa majibu yenye maneno yale yale wanatia shaka kuliko wanaotofautiana juu ya rangi ya pazia. Usichokumbuka, sema hukumbuki.

Ukitoka utapewa karatasi iitwayo N-652. Itaonyesha kama umefaulu Kiingereza na uraia, na chini yake kuna visanduku. Kwa mwenye I-751 isiyoamuliwa, mara nyingi kinachotiwa alama ni kile kinachosema uamuzi hauwezi kutolewa kwa sasa. Si kukataliwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba ofisa anasubiri jalada la I-751 lifike, au idhini ya msimamizi wake. Ihifadhi karatasi hiyo, kwa sababu tarehe yake ina kazi.

Hatua ya 8: Kama kimya kinaendelea

Sheria inampa mwombaji haki ya kwenda mahakama ya shirikisho ya wilaya kama siku 120 zimepita tangu usaili wa N-400 bila uamuzi. Jaji anaweza kuamua mwenyewe au kuirudishia USCIS kwa maelekezo. Kabla ya kufika huko, uliza kwa maandishi kupitia akaunti yako ya mtandaoni, kisha ofisi ya mbunge wako wa Congress. Karibu kila mbunge ana mtu wa kushughulikia mambo ya uhamiaji ya wapiga kura wake, na huduma hiyo ni bure hata kwa ambaye si raia. Kama usaili wenyewe haujawahi kuitishwa, kifungu cha siku 120 hakikuhusu. Kesi ya namna hiyo ina njia nyingine mahakamani, na ni ya wakili.

I-751 ikikataliwa, N-400 inakataliwa nayo, na utapewa wito wa kufika mbele ya jaji wa uhamiaji, ambaye ana mamlaka ya kuipitia I-751 upya kabisa. I-751 ikikubaliwa na N-400 ikakataliwa kwa sababu nyingine, unabaki na kadi ya miaka kumi, na una siku 30 za kuomba usikilizwe upya kwa fomu N-336.

Kama ndoa imeyumba

Talaka ya kisheria ikitoka kabla ya kiapo, njia ya miaka mitatu imefungwa. Vivyo hivyo mwenzi raia akifariki. Ukaazi wako haujafa: unapeleka hukumu ya talaka na kuomba I-751 yako ya pamoja igeuzwe kuwa ya peke yako, kwa msingi kwamba ndoa ilifungwa kwa nia njema. Uraia utauomba kwa njia ya miaka mitano. Aliyepata ukaazi wake au kuondolewa masharti kwa sababu alikuwa akipigwa au kuteswa na mwenzi raia anaweza kubaki kwenye njia ya miaka mitatu hata kama ndoa imevunjika. Watu wengi hawaambiwi hili.

Talaka ya mdomo iliyotamkwa sebuleni Minneapolis haivunji ndoa mbele ya sheria ya Marekani, hata kama shehe ameiandika. Mpaka mahakama itoe hukumu, kwenye fomu wewe bado una mke au mume. Ila kama mmeshatengana na kila mtu kwake, sharti la kuishi pamoja limevunjika, na kuomba kwa njia ya miaka mitatu ni kudanganya.

Kiapo, na pasipoti ya nyumbani

Wito wa kiapo huja kwa fomu N-445, na nyuma yake kuna maswali ya kujaza siku hiyo hiyo: umesafiri, umekamatwa, umeachana tangu usaili? Utakabidhi kadi zako zote, ile ya miaka miwili na ya miaka kumi kama imefika. Kabla hujatoka ukumbini soma cheti chako herufi kwa herufi, jina na tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa kosa ni rahisi kurekebishwa pale pale kuliko baadaye. Watoto wako wenye grinkadi walio chini ya miaka 18 na wanaoishi nawe kwa haki ya malezi wanakuwa raia pamoja nawe, na unaweza kuwaombea pasipoti moja kwa moja.

Upande wa nyumbani, jua unachokiacha. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili kwa raia wa kuzaliwa tangu katiba ya 2010, na sheria yake ya 2011 inakutaka utoe taarifa ndani ya miezi mitatu baada ya kupata uraia wa pili. Uganda, Rwanda na Burundi nazo zinaruhusu. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hairuhusu uraia wa Kikongo kushikwa pamoja na mwingine. Tanzania pia hairuhusu kwa mtu mzima: ukila kiapo cha Marekani kwa hiari yako, uraia wako wa Tanzania umekoma kisheria, na pasipoti ya Tanzania hutakiwi kuitumia tena. Mwenye kiwanja, shamba au urithi ambao haujagawanywa huko aongee na wakili wa Tanzania kabla ya tarehe ya kiapo, kwa kuwa masharti ya kumiliki ardhi kwa asiye raia ni tofauti.

Ukishapata cheti, omba pasipoti ya Marekani kwanza, kisha nenda ofisi ya Social Security ukabadilishiwe rekodi kuwa raia. Kujiandikisha kupiga kura sasa ni halali.